Kuchora Mnyama Aliye Hai: Jicho, Mkono na Ushahidi katika Historia

1. Utangulizi

Kitenzi kuchora ni kikongwe katika Kiswahili, na maana yake ya awali ni pana kuliko ile inayotumika leo madarasani. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaweka pamoja, chini ya kitenzi hicho kimoja, kazi ya kukata nakshi katika ubao na kazi ya kupitisha kalamu juu ya karatasi. Kuchora, kwa hiyo, ni kuacha alama isiyofutika kwa urahisi. Na yule anayeacha alama ya namna hiyo hana budi kuwajibika nayo, kama vile shahidi anavyowajibika na neno alilolitamka mbele ya baraza.

Makala haya yanakusudia kuchunguza tawi moja tu la kazi hiyo, nalo ni uchoraji wa wanyama walio hai kwa kuwatazama. Mchoraji wa mlima ana muda. Mchoraji wa mtu humwomba mtu akae. Lakini mnyama hakai, hasikii ombi, wala hajali kama karatasi imejaa au bado. Anayemchora mnyama aliye hai anadai jambo zito: nilikuwapo, nilimwona, na alikuwa hivi. Swali letu ni hili: dai hilo lilijengwa vipi katika historia, lilivunjika wapi, na ni ushahidi wa nani uliokubaliwa au kukataliwa? Tutaanzia Ulaya ya Zama za Kati, tupitie China na Paris, kisha tufike Ituri na Katanga, ambako swali hilo linatuhusu sisi wenyewe.

2. Dai na ushahidi

Katika karne ya 13 Mfaransa mmoja aitwaye Villard de Honnecourt aliacha kitabu cha michoro ambacho sasa kimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa mjini Paris. Miongoni mwa michoro hiyo yumo simba aliyeelekeza uso mbele, na kando yake Villard ameandika kwamba simba huyo alichorwa kutokana na aliye hai. Mtazamaji wa leo anashangaa. Uso wa simba huyo ni duara ambalo laelekea lilianzishwa kwa bikari. Manyoya ya shingoni yamepangwa kwa utaratibu wa mapambo. Macho yanafanana na ya binadamu. Je, Villard alidanganya? Si lazima. Inawezekana kabisa kwamba alisimama mbele ya simba, lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kujifunza simba mwingine, yule wa makanisa na wa nembo za wafalme. Jicho lilimwona mnyama mmoja, mkono ukaandika mwingine.

Miaka michache baadaye, nchini Uingereza, tunakutana na mfano tofauti. Mwaka 1255 Mfalme Louis wa 9 wa Ufaransa alimpa Mfalme Henry wa 3 wa Uingereza zawadi ya tembo, akawekwa katika Mnara wa London. Mtawa Matthew Paris wa Saint Albans alimchora tembo huyo, na katika mchoro wake mmoja akamweka mlinzi wa mnyama kando yake ili msomaji apate kukadiria ukubwa. Zaidi ya hayo, Matthew alichora miguu yenye viungo. Jambo hili linaonekana dogo, lakini sivyo. Vitabu vya wanyama vya wakati ule vilisimulia kwamba tembo hana magoti, kwamba hulala akiegemea mti, na kwamba mwindaji akiukata mti ule kidogokidogo tembo huanguka asiweze kuinuka. Masimulizi hayo yalikuwa yamenakiliwa kwa karne nyingi na watu ambao hawajapata kumwona tembo. Mstari mmoja wa goti uliochorwa na mtu aliyekuwapo ulitosha kuyatia shaka.

Katika mifano hii miwili tunapata kanuni ya kwanza ya makala haya: kuwapo mbele ya mnyama hakutoshi. Ushahidi wa mchoraji huanza pale anapokubali kuandika kile ambacho hakukitarajia.

3. Dürer: sungura, kifaru na simba

Hakuna msanii anayeonyesha jambo hili waziwazi kuliko Albrecht Dürer wa Nürnberg. Mwaka 1502 alichora sungura kwa rangi ya maji. Picha hiyo, iliyohifadhiwa Vienna, inaonyesha manyoya yanayobadilisha mwelekeo kila yanapopita juu ya mfupa, na ndani ya jicho la mnyama kuna nuru ndogo yenye umbo la dirisha. Msomaji wa picha hiyo hahitaji kuambiwa kwamba mchoraji alimtazama sungura kwa karibu.

Mwaka 1515 mtu huyohuyo alitoa mchoro wa kifaru uliochongwa katika ubao na kupigwa chapa. Kifaru huyo alitoka Gujarat nchini Uhindi, akapelekwa kwa Mfalme Manuel wa Ureno, na akafika Lisbon mwezi Mei mwaka huo. Dürer hakwenda Lisbon. Alipata barua na mchoro wa mtu mwingine, na kwa hayo mawili akamjenga mnyama mzima. Mikunjo ya ngozi ikawa deraya ya chuma, miguu ikavikwa magamba, na juu ya mabega ikaota pembe ndogo ya pili ambayo hakuna kifaru aliyewahi kuwa nayo. Kifaru mwenyewe hakuishi kusahihisha kosa hilo: mfalme alimpeleka kama zawadi kwa Papa Leo wa 10, na mapema mwaka 1516 meli ikazama karibu na pwani ya Italia.

Lakini mchoro haukuzama. Ulinakiliwa katika vitabu vya elimu ya wanyama kwa zaidi ya miaka 200, na watu walioletewa kifaru wa kweli walimpima kwa kifaru wa Dürer badala ya kumpima Dürer kwa kifaru. Hapa pana funzo kwa kila mtafiti: picha iliyochorwa kwa ustadi mkubwa kutokana na habari ya kuambiwa ina hatari kuliko picha mbaya, kwa sababu ustadi wenyewe hugeuka kuwa cheti cha ukweli.

Haki inatulazimu kusema kwamba Dürer alijua tofauti hiyo. Mwaka 1494 alikuwa amechora simba ambaye sura yake ni ya sanamu na nembo. Mwezi Desemba 1520, akiwa safarini katika Nchi za Chini, alikwenda mpaka Zeeland katikati ya baridi kwa sababu alisikia nyangumi amekwama ufukweni. Alipofika, maji yalikuwa yamekwisha kumchukua. Hakumchora. Mwaka uliofuata, mjini Ghent, aliwakuta simba walio hai, naye akawachora kwa ncha ya fedha katika kitabu chake kidogo. Hao si simba wa nembo tena. Wamelala, wana uzito, na mmoja anatazama upande kwa uchovu wa mnyama aliyefungiwa.

4. Twiga wawili

Pwani ya Afrika Mashariki inaingia katika historia hii kwa njia ya twiga. Mwaka 1414 mtawala wa Bengal alimpelekea mfalme wa China, Yongle wa ukoo wa Ming, twiga ambaye asili yake haikuwa Bengal bali Afrika. Mwaka 1415 twiga mwingine alipelekwa kutoka Malindi. Watumishi wa kifalme walimtambua mnyama huyo kuwa ndiye qilin, kiumbe wa baraka anayetokea duniani wakati mfalme mwadilifu anapotawala. Mwanachuoni Shen Du alitunga maandishi ya kumsifu, na picha iliyochorwa wakati huo imetufikia kwa nakala zake.

Picha hiyo yastahili kusomwa kwa makini. Shingo ndefu, vipembe vifupi, mgongo unaoteremka kuelekea mkiani, kimo cha mtu anayeshika kamba: yote hayo ni ya twiga, na yasingeweza kubuniwa na mtu asiyemwona. Lakini mabaka ya ngozi yamepangwa kama wavu, kila tundu sawa na jingine, yakikaribia magamba ya qilin wa hadithi. Mchoraji alikuwa na mabwana wawili, mnyama aliyesimama mbele yake na imani iliyosimama nyuma yake, akajaribu kuwatumikia wote. Tukimhukumu kwa ukali tutakuwa tumesahau kwamba Villard naye alifanya vivyo hivyo.

Twiga wa pili ni wa karne ya 19. Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alimzawadia Mfalme Charles wa 10 wa Ufaransa twiga jike aliyekamatwa Sudan akiwa mdogo. Twiga alishuka Marseille mwaka 1826, na kati ya Mei na Juni 1827 akatembea kwa miguu mpaka Paris, safari ya kilomita zipatazo 880, akiongozana na mtaalamu wa wanyama Étienne Geoffroy Saint-Hilaire. Huko, katika bustani iitwayo Jardin des Plantes, Nicolas Huet alimchora pamoja na Atir, mlinzi wake kutoka Sudan. Twiga aliishi hapo mpaka mwaka 1845.

Kati ya twiga hawa wawili, Ulaya ilikuwa imejifunza mengi. Mwaka 1637 Rembrandt alimchora kwa chaki nyeusi tembo aitwaye Hansken, aliyeletwa kutoka Ceylon. Chaki, kwa kuwa ni laini na yenye kuvunjikavunjika, ilifaa mikunjo ya ngozi kuliko wino. Chombo na mnyama vilipatana. Mwaka 1749 Jean-Baptiste Oudry alimchora kifaru Clara alipopita Paris, kwa ukubwa wake halisi, na kwa picha hiyo na nyingine za wakati huo deraya ya Dürer ikaanza hatimaye kuvuliwa. Mwaka 1763 George Stubbs alionyesha London picha ya punda milia jike aliyeletwa kutoka Afrika Kusini kwa ajili ya Malkia Charlotte. Kila mlia upo mahali pake. Lakini nyuma ya mnyama kuna msitu wa Kiingereza, kijani na wenye kivuli. Mchoraji aliona mwili, hakuona makao. Upungufu huo haukuwa wa Stubbs peke yake. Ulikuwa upungufu wa utaratibu mzima wa kuwachora wanyama waliong'olewa katika nchi zao.

5. Kazi yenyewe na mipaka ya jicho

Kabla ya kuendelea, yafaa tueleze kwa ufupi namna kazi hii inavyofanyika, maana wanahistoria wengi huzungumzia picha bila kuzungumzia mkono.

Mchoraji wa mnyama aliye hai haanzi na jicho wala pua. Huanza na uzito: mstari wa mgongo, mwelekeo wa shingo, mahali miguu inapobeba mwili. Mnyama akigeuka, mchoraji hafuti wala hakamilishi kwa kubahatisha; huacha mchoro ulivyo, akaanza mwingine pembeni. Baada ya muda karatasi huwa na michoro sita au saba, yote pungufu. Wanyama wana desturi: simba wa kizimbani hupita njia ileile, ndege hurudi kwenye tawi lilelile, mbuzi hurudia namna yake ya kushusha kichwa. Mkao unaporudi, mchoraji naye huurudia mchoro wake na kuongeza mstari. Kwa hiyo picha moja ya mnyama aliye hai mara nyingi haitokani na tazamo moja, bali ni jumla ya matazamo mengi yaliyounganishwa na kumbukumbu.

Ndiyo maana Eugène Delacroix na mchongaji Antoine-Louis Barye, waliochora simba pamoja katika Jardin des Plantes mwishoni mwa miaka ya 1820, walikwenda pia kuchunguza mizoga. Simba mmoja alipokufa, Delacroix alimpelekea mwenzake ujumbe afike upesi. Mzoga ulifundisha mifupa na misuli. Aliye hai alifundisha kusudi la mifupa na misuli hiyo. Kimoja hakikuweza kuchukua nafasi ya kingine.

Hata hivyo jicho lina mpaka wake. Mwaka 1821 Théodore Géricault alichora farasi wa mashindano ya Epsom wakiruka, miguu ya mbele imenyoshwa mbele na ya nyuma imenyoshwa nyuma. Géricault alikuwa mpanda farasi na aliwapenda. Lakini mwaka 1878, huko California, Eadweard Muybridge alipopiga picha za farasi mbioni kwa kamera zilizopangwa mstari mmoja, ilidhihirika kwamba farasi hawi katika mkao huo hata nukta moja. Miguu yote inapoacha ardhi huwa imekusanyika chini ya tumbo.

Je, tuseme basi kwamba mashine imemshinda mwanadamu? Mwaka 2012 watafiti wa Hungaria wakiongozwa na Gábor Horváth walichapisha uchunguzi wa picha 1,000 za wanyama wa miguu minne wanaotembea. Walipima kama miguu imewekwa kwa namna inayowezekana kimaumbile. Picha zilizofanywa kabla ya kazi ya Muybridge zilikuwa na makosa kwa asilimia 83.5. Zilizofanywa baada yake zilikuwa na makosa kwa asilimia 57.9. Lakini zile za watu wa kale, waliochora mapangoni, zilikuwa na makosa kwa asilimia 46.2 tu. Twaweza kubishana juu ya uteuzi wa picha, na juu ya kulinganisha ukuta wa pango na sanamu ya uwanja wa mji. Hata hivyo matokeo hayo yanatudai jibu. Mwindaji wa kale hakuwa na karatasi mbele ya mnyama; alichora pangoni, gizani, kwa kumbukumbu. Bali maisha yake yalitegemea kujua mnyama anaweka mguu gani, lini. Kwa hiyo hatuna budi kupanua maana ya kutazama: kuna kutazama kwa saa moja ukiwa na kalamu, na kuna kutazama kwa maisha mazima bila kalamu. Kanuni hii ya pili ndiyo tutakayoipeleka Ituri.

6. Okapi: nani alikuwa ameona?

Wambuti na jirani zao wa msitu wa Ituri walimfahamu okapi tangu zamani. Walimnasa kwa mashimo, walikula nyama yake, walitumia ngozi yake. Henry Morton Stanley, katika kitabu chake cha mwaka 1890, aligusia kwa maneno machache mnyama mfano wa punda ambaye watu wa msituni walikuwa wakimnasa. Habari hiyo ilimvutia Harry Johnston, aliyekuwa mjumbe maalumu wa Uingereza nchini Uganda kuanzia mwaka 1899. Kwa bahati ya kusikitisha alipata walimu: Mjerumani mmoja alikuwa amewachukua Wambuti kadhaa kwa nguvu ili akawaonyeshe katika maonyesho ya Paris. Johnston aliwaokoa, akakaa nao, na mwaka 1900 akawarudisha kwao. Walimweleza juu ya mnyama huyo na kumtajia jina lake.

Johnston alikuwa mchoraji hodari aliyesomea sanaa London. Alikuwa pia na picha kichwani: aliamini kwamba mnyama huyo ni wa jamii ya farasi, ndugu wa punda milia. Waliomwongoza msituni walipomwonyesha nyayo za okapi ardhini, alikuta ni za kwato zilizopasuka kama za ng'ombe. Akakataa. Alidhani wamekosea, au wanamwonyesha nyayo za pofu, kwa kuwa farasi hana kwato za namna hiyo. Alipata vipande vya ngozi tu, akavipeleka London, na mwaka 1901 mnyama akapewa jina la kitaalamu lililomweka katika jamii ya farasi. Baadaye afisa Mswidi wa Dola Huru ya Kongo, Karl Eriksson, alimpelekea ngozi nzima na mafuvu mawili. Ndipo ikadhihirika kwamba okapi ni jamaa wa twiga, na Ray Lankester akampa mwaka huohuo jina la Okapia. Johnston akachora picha ya rangi ya maji kutokana na ngozi hiyo, na dunia ikamwona okapi kwa mara ya kwanza kupitia mkono wa mtu ambaye wakati huo hakuwa amemwona okapi aliye hai.

Tuzingatie mambo mawili. Kwanza, nyayo ni mchoro. Ni alama aliyoiacha mnyama mwenyewe akiwa hai, na waliokuwa na elimu ya kuisoma waliisoma sawasawa. Johnston alikuwa mbele ya ushahidi bora kuliko ule aliokuwa nao Dürer, pamoja na wafasiri wa kuufafanua, akaupinga kwa sababu haukupatana na picha aliyokuja nayo. Pili, ngozi haiwezi kusema yote. Okapi hutembea kama twiga, miguu ya upande mmoja ikienda pamoja. Jambo hilo halimo katika ngozi wala katika fuvu. Liko msituni, na machoni mwa waliomwona akipita.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Msafara wa makumbusho ya New York ulioongozwa na Herbert Lang kuanzia mwaka 1909 hadi 1915 katika kaskazini-mashariki ya Kongo ulikuwa na kijana James Chapin, ambaye alichora wanyama kwa rangi ya maji huko huko mahali pao, rangi zao zikiwa bado hazijafifia. Wasafiri hao walikaa miaka sita, na walitegemea kwa kila hatua wawindaji na wapagazi wa Kongo. Majina ya wengi wao hayamo katika vitabu vilivyofuata, lakini macho yao yamo ndani ya kila mchoro.

7. Bukama na Élisabethville

Katanga inatupatia mwisho wa hoja yetu. Mwaka 1926, huko Bukama, mtumishi wa serikali ya Kibelgiji Georges Thiry alivutiwa na michoro iliyopambwa katika kuta za nyumba, akampa karatasi na rangi za maji Albert Lubaki, mchongaji wa pembe za ndovu. Lubaki alichora chui, mamba, swala na wawindaji, kila mmoja akisimama peke yake katika weupe wa karatasi bila ardhi wala anga. Mwaka 1929 michoro yake ilionyeshwa Brussels.

Miaka ishirini baada ya Bukama, mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua mjini Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, karakana iliyojulikana kwa jina la Hangar. Humo walifanya kazi Pili Pili Mulongoy, aliyezaliwa mwaka 1914, Mwenze Kibwanga, Bela na wengineo. Bela alichora kwa ncha za vidole. Mwenze alijaza umbo la mnyama kwa mistari mifupi ya rangi. Pili Pili alijulikana kwa ndege, samaki, nyoka na mamba wake, wakiwindana na kukimbiana katikati ya majani yaliyojaza picha nzima.

Romain-Desfossés aliamini kwamba kuwafundisha kanuni za Ulaya kungewaharibu, na kwamba walibeba ndani yao kumbukumbu ya kale ya uzuri waliyorithi bila kujua. V. Y. Mudimbe, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ameichambua imani hiyo na kuonyesha jinsi ilivyotokana na fikra za mwalimu mwenyewe. Sisi tungeongeza neno moja kuhusu wanyama. Pili Pili anapochora nyoka akikaribia kiota na ndege akifungua mabawa, haihitajiki nadharia ya urithi wa kale kueleza alikopata habari hiyo. Yatosha kudhani kwamba alikuwa na macho. Kumsifu msanii kwa silika ni njia ya adabu ya kumnyima elimu. Dürer alipochora sungura iliitwa uchunguzi. Pili Pili alipochora nyoka iliitwa kumbukumbu ya kabila. Hali mkono wa kwanza ulimtazama mnyama akiwa chumbani, na wa pili ulijua anavyotenda mahali pake mwenyewe, jambo ambalo Stubbs mbele ya punda milia hakuweza kulipata.

Hatusemi kwamba picha za Hangar ni vielelezo vya elimu ya wanyama. Ndege wa Pili Pili hana idadi kamili ya manyoya ya mkia, wala mchoraji hakulitaka hilo. Tunasema kwamba kuna ukweli wa umbo na kuna ukweli wa mwenendo, na kwamba historia ya sanaa imeupima wa kwanza kwa makini na kuusahau wa pili.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba dai la kumchora mnyama aliye hai lina viwango. Villard aliwapo, asione. Dürer hakuwapo, akasadikiwa. Mchoraji wa China aliona, akalazimika kupatanisha. Johnston alionyeshwa, akakataa. Wambuti waliona, wasiulizwe ipasavyo. Wachoraji wa Bukama na Élisabethville waliona na kuchora, wakaambiwa kwamba hawakuona bali walikumbuka.

Jambo hili si la zamani tu. Hifadhi ya okapi ya Ituri ilianzishwa mwaka 1992, ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1996, na mwaka uliofuata katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mwezi Juni 2012 wenye silaha walivamia kituo cha Epulu, wakaua watu wasiopungua 6. Na okapi wote 14 waliokuwa wakitunzwa pale walikufa. Hao ndio okapi ambao mtu yeyote angeweza kukaa mbele yao na karatasi. Kila mnyama anayetoweka huondoka na uwezekano wa kumsahihisha mchoraji. Hubaki picha tu, na picha isiyo na mnyama wa kuipinga huweza kusema lolote, kama kifaru wa Dürer alivyosema kwa miaka 200.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo mawili kwa vyuo vyetu. Kwanza, mwanafunzi wa sanaa asianze na picha iliyochapishwa. Aanze na mbuzi wa jirani, na njiwa wa paa, na samaki wa sokoni kabla hajakauka. Wanyama hao hawana sifa, lakini wanageuka, na kugeuka kwao ndiko mwalimu. Pili, mwanafunzi wa lugha akusanye maneno ya wale wanaowaona wanyama kila siku: wawindaji, wavuvi, wachungaji. Majina ya mikao, ya nyendo, ya nyayo, ya namna mnyama anavyosimama akisikia hatari, hayo nayo ni michoro iliyofanywa kwa sauti, na mengi hayajaandikwa katika kamusi yoyote.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Historia tuliyoipitia inaonyesha kwamba mara nyingi huambiwa, na mara nyingi aliyemwambia ndiye aliyetangulia kuona.